Naomba ushauri: vidoa vya mwani kwenye tangi la mimea ya majini ya mwanga hafifu

Wakuu, tangi ni la lita 60, kina sentimita 30, halina mtungi wa kaboni dioksaidi (gesi ya kulisha mimea). Mimea ni anubiasi, kangaga la Java na kriptokorine. Taa ni LED ya wati 10, kelvini 6500 (rangi ya mwanga), taima inaiwasha kwa muda wa saa 10 kwa siku. Majani ya anubiasi yana vidoa vya kijani, vigumu. Kidole hakivitoi, labda ukwangue kwa kucha. Anubiasi hukua polepole, jani moja hukaa miezi mingi, hivyo mwani hupata pa kushika.

Nianze kupunguza muda wa taa uwe saa 6 kwa siku, au niinue taa sentimita 15? Nikifanya yote pamoja sitajua kipi kimesaidia. Fosfeti (kirutubisho cha mimea kilichomo majini) sitaki kuigusa, maana ikipungua vidoa hivi huzidi. Na jua la asubuhi la dirishani, nilizibe kwanza?