Naomba ushauri: kuunga makabati ya wakandarasi, nitoze vipi?

Wakuu, nataka kuwaungia wakandarasi wa Njiro na Sakina, hapa Arusha, makabati ya jikoni yanayokuja vipande vipande kwenye boksi. Kazi ya jioni na wikendi.

Kuunga kwenyewe si tatizo: vigingi vya mm 8 na gundi, kona kwa kona vipimo vilingane kabla ya kupigilia ubao wa nyuma, drili nguvu ndogo maana chipubodi (ubao wa chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi) tundu likishalika skrubu haishiki tena. Shida ni saiti. Ukuta umepinda, sakafu ina mteremko, plasta bado mbichi, na chipubodi ikinyonya maji huvimba na hairudi tena.

Sasa, nitoze kwa kabati au kwa siku? Boksi likikutwa halina bawaba zote, nauli ya kurudi anabeba nani? Na advansi wanakubali asilimia ngapi?