Naomba ushauri: mkutano wa kijiji ni Jumamosi, nisimame au ninyamaze?

Bonde_la_Jioni (mleta mada)
Wakuu habari za jioni, na ndugu zangu wa Kigoma mwidiwe. Niko wilaya moja huku huku Kigoma, jina la kijiji mniachie.

Tuna bonde letu. Akina mama ndiko wanakolima mboga na maharage ya kiangazi, maana huku juu udongo unakauka mapema. Mwezi uliopita wamekuja watu na kamba na vigingi wakapima ekari 60. Wanasema ni za mwekezaji wa michikichi, na kwamba sisi wananchi tuliridhia kwenye mkutano mkuu. Mkutano huo haukufanyika. Tangu mwenyekiti wetu wa mtaa achaguliwe Novemba 2024 tumeitwa mara moja tu, na siku hiyo tulizungumzia madawati.

Sasa tumeitwa Jumamosi. Nikisimama kuuliza, niseme vipi ili nisiitwe mchochezi? Nina familia, na usingizi umenikimbia.

Binti_Ujiji
Pole kaka. Usihutubie. Ukianza na "ndugu mwenyekiti, tangu enzi za wazee wetu", atakukatisha na watu watapiga makofi. Sema hivi tu: "Naomba mtendaji atusomee muhtasari wa mkutano uliogawa bonde, tarehe yake, na orodha ya mahudhurio." Halafu kaa. Ukishakaa, mwenye kazi ya kuongea ni yeye.

Kwa_Hoja
Sheria iko upande wenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8: halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu wa ardhi, inaisimamia kwa niaba ya wanakijiji. Haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Na mkutano mkuu maana yake ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18, si wajumbe na marafiki zao. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi 3. Kama mmekaa mara moja tangu uchaguzi, hilo nalo ni swali la Jumamosi.

Mkaushaji_Urambo
Mimi ni mkulima wa tumbaku, niwape yangu. Kwenye chama chetu cha msingi niliuliza makato ya msimu mbele ya watu wote. Nikajibiwa kwa upole kabisa: "Swali zuri, njoo ofisini tukufafanulie." Nikaona nimeheshimiwa. Nikaenda peke yangu, nikapewa kiti na soda, nikaonyeshwa daftari ambalo sikuruhusiwa kulishika. Nilivyotoka, wenzangu waliokuwa wananiunga mkono wakaanza kunitazama kama mtu aliyekula. Mpaka leo kuna jirani anaamini nilipewa kitu. Kilichoulizwa hadharani kijibiwe hadharani. Usikubali kuitwa ofisini, hata kwa chai.

Mzee_wa_Mahame
Wanangu, mimi nilihamishwa na wazazi wangu wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Tuliacha nyumba, tukaacha na michikichi aliyopanda babu. Mpaka leo ukipita kwenye mahame yale utaiona imesimama peke yake msituni. Tulilia, lakini huko tulikopelekwa tuliambiwa jambo moja nililolishika: kijiji ni mkutano. Ngoma ikipigwa, hata mgonjwa alitaka asogezwe karibu asikie. Siku hizi mkutano ukiitwa vijana wako kwenye bodaboda, wazee tunabaki na watoto. Halafu mnashangaa vigingi! Ardhi inaondoka kwenye viti vitupu.

Bonde_la_Jioni
Asanteni sana. Shikamoo mzee wangu. Lakini kwa hili watu hawakukacha, hawakuitwa. Muhtasari wenyewe unaonyesha majina 212, na mmoja wao ni mama tuliyemzika miezi miwili kabla ya hiyo tarehe iliyoandikwa. Kuna na saini yake.

Kwa_Hoja
Subiri kwanza. Muhtasari umeuona wapi?

Fundi_Nzega
Hilo ndilo swali. Kwetu hata barua ya utambulisho unaifuata siku tatu. Wewe umehesabu mpaka majina 212?

Bonde_la_Jioni
Niliuona.

Kwa_Hoja
Mkuu, ushauri unategemea hapa. Mtendaji ndiye katibu wa vikao na ndiye anayetunza mihutasari. Haizagai. Wewe ni nani hapo kijijini?

Bonde_la_Jioni
Haya. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Muhtasari una saini yangu.

Ila msinihukumu kabla ya kusikia. Tulikuwa wajumbe 18. Tuliambiwa mkutano mkuu utaitishwa baadaye, tusaini kwanza ili mwekezaji asiende kijiji cha jirani. Wote walisaini, ningekataa mimi peke yangu ningebadilisha nini? Tulipewa 20,000 ya usumbufu kila mmoja. Si rushwa, ni posho. Orodha ya mahudhurio sikuiona siku ile, iliambatanishwa baadaye.

Mzee_wa_Mahame
Mwanangu, ulisaini mkutano ambao haujakaa. Kiite posho, kiite usumbufu, ulijua.

Fundi_Nzega
Kwa hiyo ulikuja kutuuliza namna ya kuuliza swali ambalo jibu lake unalo mfukoni.

Bonde_la_Jioni
Ndiyo maana sitaki kuuliza mimi. Nimeshampa nakala kijana mmoja hapa kijijini, amemaliza kidato cha nne, anajua kuongea na haogopi mtu. Atauliza yeye, mimi nitamuunga mkono wakati wa kujadili. Nadhani hii ni busara. Mimi nikisimama, cha kwanza watasema "na wewe si ulisaini?" na hoja ya bonde inakufa hapo hapo.

Mama_Kasulu
Hapana kaka. Hapo umenigusa pabaya. Unamtuma mtoto wa mwenzio kwenye moto uliouwasha wewe. Mtendaji atamuuliza karatasi ya ofisi kaitoa wapi, na polisi watamuuliza hivyo hivyo. Yeye ni kijana hana cheo, wewe mjumbe utakuwa umekaa mbele kwenye kiti chako unatikisa kichwa kumuunga mkono?

Na niulize jambo lingine. Kisheria robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wanatakiwa kuwa wanawake. Hao wa kwenu nao walisaini? Umeongea nao? Bonde ni la kwao, mboga ni za kwao, wewe umekimbilia kijana wa kiume anayejua kuongea.

Msoma_Nyuzi
Samahani nivuruge. Mimi siamini hii habari. Rudini juu msome uzi wa kwanza: "mwenyekiti wetu wa mtaa". Kijijini hakuna mtaa. Mitaa iko mijini, kijiji kina vitongoji. Halafu huyu huyu ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji na hajui cheo cha mwenyekiti wake? Kuna marehemu aliyesaini, kuna kijana jasiri, kuna mwekezaji. Hii ni chai, tena ina tangawizi.

Fundi_Nzega
Kweli aisee, sikuliona hilo la mtaa. Mleta mada njoo.

Mkaushaji_Urambo
Kama ni chai nimeishatoa siri zangu za chama bure.

Binti_Ujiji
Dakika arobaini hajajibu.

Mama_Kasulu
Msoma Nyuzi, iwe chai iwe uji, mimi niko kijiji kingine kabisa na nasoma hapa mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Kwetu nilimtuma binti yangu akaangalie mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Akarudi akaniambia, "Mama, kuna tangazo la chanjo tu, na limeshabadilika rangi." Kwenye mkutano nikinyoosha mkono naambiwa "mama, kwa kifupi", mwanaume akisimama anaachwa amalize. Michikichi tangu ipigiwe debe upya mwaka 2018 kila bonde lina mgeni wa kulitazama. Sisemi zao hilo ni baya, miche mizuri tumeipata na mawese ndiyo yanasomesha watoto wetu. Nasema tuulizwe. Mkikesha kutafuta kama mtu huyu yupo au hayupo, vigingi vinaendelea kupigwa.

Msoma_Nyuzi
Dada nakuelewa, ila mtu akidanganya cheo anaweza kudanganya na bonde.

Bonde_la_Jioni
Nimerudi, nilikuwa naogopa. Niliandika "mtaa" makusudi, mtu wa huku akisoma adhani ni mjini. Nikasahau kubadilisha huko mbele. Na ekari si 60 kamili, nimezigeuza kidogo, wajumbe nao si 18. Mama aliyefariki ni kweli. Alikuwa na tuta lake pale bondeni, karibu na la mke wangu. Mke wangu hajui kama nilisaini.

Binti_Ujiji
Aah. Kumbe aliyekukimbizia usingizi ni huyo.

Kwa_Hoja
Mimi nakuamini, na hata asiyeamini, majibu haya yatamfaa mwingine. Sikiliza. Kama orodha ina saini ya marehemu, huko ni kughushi, ni jinai, usiingize kwenye kapu moja na posho. Kabla ya Jumamosi andika maelezo yako kwa mkono wako: lini mliitwa, mliambiwa nini, mlipewa kiasi gani, nani alikuwa na karatasi. Nenda TAKUKURU wilayani, au anza kwa kupiga 113, ni bure. Kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, uliza ofisini inakulinda vipi mtu uliyesaini. Ukitoa taarifa mwenyewe unapokelewa tofauti na ukitajwa na mwingine.

Mkutanoni sema mwenyewe: "Nilisaini, na mkutano haukukaa." Hiyo "si ulisaini?" unayoiogopa, hakuna atakayekuuliza tena.

Bonde_la_Jioni
Na wakinivua ujumbe?

Mzee_wa_Mahame
Wakuvue. Lakini mkeo aambiwe leo, asije akayasikia pale chini ya mwembe pamoja na watu wote.

Mama_Kasulu
Na karatasi mchukue kwa yule kijana. Leo hii.

Bonde_la_Jioni
Nimetoka kwake sasa hivi. Karatasi amenirudishia bila neno. Ila alikuwa ameshaipiga picha, na anasema wenzake wanne wanayo kwenye simu. Nilimuuliza kama ameona saini yangu. Akasema ameiona tangu siku ya kwanza, alikuwa ananisubiri niseme.

Binti_Ujiji
Basi Jumamosi nyoosha mkono kabla yake.