Tupeane uzoefu: bar ya mtaani kwenu na shujaa wake

Wakuu habari za wikiendi, leo tuweke siasa pembeni, tupeane uzoefu wa bar za mitaani kwetu. Siyo zile za kulipa kiingilio, nasemea ile ambayo ukikaa tu mhudumu anakuletea ya kwako, na anajua ni ya moto au ya baridi. Kila bar ya hivyo ina shujaa wake, sasa taja bar, msifie shujaa, ila kama siyo staa usimtaje jina tusije tukamletea balaa kwake.

Naanza mimi wa Sinza. Panda daladala huku umsikilize konda, Afrika Sana, Meeda, kwa Remmy, yani bar na wanamuziki ndo ramani yetu. Madogo wa siku hizi wanashuka kwa Remmy hawajui ni Remmy yupi. Ni Dokta Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu kule Kongo, akaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy halafu akawa ndo sura ya Super Matimila, 1988 akapanda jukwaa la WOMAD Uingereza wazungu wakachanganyikiwa, ila kwake kukabaki Sinza mpaka anafariki Desemba 2010. Makonda bado wanamtaja kila siku kuanzia alfajiri, sijui ni mheshimiwa gani anatajwa hivyo.

Shujaa wangu mimi lakini ni mchomaji wa kitimoto kwenye bar moja huku ndani ndani. Jamaa hanywi kabisa. Akiona umeanza kuongea kizungu anakuja mezani anakuomba ufunguo wa gari, kwa adabu, "bosi nikutunzie", anautumbukiza kwenye ndoo ya ndizi halafu anakuitia boda anayemjua. Asubuhi unaufuata, unakuta na supu umeshawekewa. Supu unalipa sasa. Kuna watu mtaani kwetu wako hai kwasababu ya ile ndoo na wala hawajui.

Mdau wa Ilala:
Sinza mmeanza juzi, tulieni. Sisi tumekulia bendi za Msondo na Sikinde. Nyumbani baba alikuwa Msondo, mama Sikinde, Jumapili kila mmoja anavaa anatoka kivyake wanarudi pamoja usiku wamenuniana kama nyumba yenye Simba na Yanga. Na msidharau bar, Mlimani Park ilikuwa bar kwanza, bendi ya 1978 ikachukua jina la pale pale, ndo hiyo DDC Mlimani Park mnayoiita Sikinde. Mwimbaji Mzee Muhidin Gurumo alikuwemo kwenye kuianzisha, na ametokea Msondo ile ile iliyoanza kama Nuta Jazz 1964, sasa fikirieni maneno yaliyosemwa mtaani siku hizo.
Shujaa wangu ni mzee wa mlangoni pale DDC Kariakoo enzi za Sikinde. Kijana ukija umevaa ndala harudishi mtu, anakuazima viatu vyake anakaa peku mpaka upigwe wimbo wa mwisho. Vilikuwa vinanuka ila tumeoa kwa vile viatu.

Mdau wa Tandale:
Mzee wa Ilala umemtaja Gurumo nikakumbuka 2013 alivyotangaza kustaafu muziki, Diamond wetu wa Tandale akampa gari. Watu wakasema kiki. Mimi nikasema kiki ipo na gari lipo, mzee apande.

Mdau wa Manzese (mhudumu mstaafu):
Nyie wanaume mnasifia wachoma nyama tu, hamtujui sisi tuliokuwa tunabeba trei. Mteja akikimbia na bili anakatwa mhudumu, wala hakuna cha mjadala, mwisho wa mwezi unapewa bahasha unaona hewa. Shujaa wetu alikuwa dada wa kaunta. Alikuwa na daftari la madeni, siku ya mechi kubwa watu wamejaa, ikifika hafutaimu anazima spika anasimama juu ya kreti anasoma. Jina, kiasi, na siku uliyokunywa, na kama ulikuja na mtu anasema "mlikuwa wawili". Watu walikuwa wanalipa kabla hajafika herufi yao, wengine wanalipiana bila kuombwa. Huyo huyo ndo alikuwa kijumbe wa mchezo wetu, kila wiki anapokea mmoja, mimi nilipopokea ya kwangu nikanunua cherehani na trei nikaiacha pale pale kaunta. Leo nashona sare za shule. Hajawahi kuimba wala kucheza mpira huyo dada, ila kwangu mimi hakuna staa.

Mdau wa Mbagala:
Hapo kwenye daftari nimecheka mpaka bosi kanigeukia. Huku kwetu shujaa anajulikana dunia nzima, Samatta, mtoto wa Mbagala. Machi mosi 2020 fainali ya kombe la Carabao Wembley, Villa yake na City, grosari yetu watu wamekaa mpaka juu ya friji la soda. Tumepigwa mbili chap, halafu umeme wa LUKU ukaisha, na mwenye grosari simu haina salio wala nini, watu wanatukanana gizani. Fundi mmoja wa kuchomelea mageti akatoka mbio akarudi na jenereta lake kwenye toroli, anasukuma huku anapiga kelele tumpishe. Picha inarudi, hata kiti sijakaa, krosi, kichwa, Samatta! Mbongo anafunga Wembley jamani. Mechi ikaisha 2-1 tumefungwa lakini ungeona shangwe ungedhani kombe linapita Zakhem. Fundi hakununua bia hata moja siku ile, na mpaka kesho akiingia pale kuna mtu atamlipia.

Mdau wa Kijitonyama:
Samahani nawaharibia. Mimi kitanda changu kiko ukuta kwa ukuta na spika za bar, jina siitaji. Shujaa wangu ni mjumbe wa mtaa, mzee wa makamo, saa saba usiku anakuja na msuli na tochi, haongei na mtu, anaenda kwenye meinswichi anashusha anakaa chini yake kwenye kigoda mpaka walewa wote waondoke. Mungu ampe afya.

Mleta mada:
Kijitonyama na wewe umo, hata huyo ni shujaa wa bar. Mdau wa Manzese lile daftari bado lipo? Kuna shemeji yangu nataka kujua kama anasomwa. Buguruni na Tandika mmelala? Wa Arusha na Mwanza nao karibuni.