Dogo anafunga goli, mchaguaji anamenya CHUNGWA!

Wakuu habari za jioni, ingawa yangu imeharibika.

Yule mzee wa majaribio mnamjua. Yule mwenye filimbi shingoni asiyoipuliza. Jina sitaji, wasimamizi wasije wakanifungia, ila kaa kijiwe chochote cha mpira Temeke useme "yule mzee" uone watu wanavyoguna.

Leo asubuhi nimempeleka mdogo wangu. Nyomi la vijana, fomu elfu kumi, kizibao unavalishwa kikiwa kimelowa jasho la aliyetoka. Dogo kaingia winga ya kulia. Mpira wa kwanza, beki kapigwa tobo. Wa pili, kamlamba chenga kipa, goli. Waliokaa ukutani wameruka wote. Nageuka nimtazame mzee: ANAMENYA CHUNGWA. Anazungusha kisu taratibu ganda lisikatike. Ganda limefika magotini! Ndipo anainua kichwa: "Wewe mwembamba, toka, hujanionyesha kitu."

Hujanionyesha kitu! Akuonyeshe saa ngapi na macho yote yako kwenye ganda?

Akaingia kijana kashushwa na Prado. Huyo kacheza mpaka kachoka mwenyewe. Kapaisha penalti, mzee anapiga makofi, chungwa mdomoni. Kapita.

Halafu mtu aniambie kipaji hakijifichi. Samatta mwenyewe, Mazembe ya Kongo walimwona kwa sababu 2011 alicheza dhidi yao akiwa Simba. Siku ile wangekuwa wanamenya machungwa, lile goli la Wembley dhidi ya Man City 2020 tungelisikia wapi? Chungwa, wakuu. Chungwa!

Njumu Mbovu: Lilikuwa tamu lakini?

Babu wa Keko: Kila dogo akikatwa, kaka yake anasema kakatwa Kanté, yule kiungo wa Ufaransa. Leta klipu.

Mleta uzi: Klipu nani arekodi na mimi nashangilia?

Babu wa Keko: Basi tuko sawa na mzee, wote hatujaona.

Mbeba Maji: Huyohuyo alinikata mimi, ila siku hiyo alikuwa na mahindi ya kuchoma. Shukuruni msimu wa machungwa.

Mbongo Houston: Huku Marekani kwenye mpira wao wa mikono, NFL, kuna drafti, timu zinachagua vijana kwa zamu. Vijana wanapimwa mbio za yadi 40, wanarukishwa, mpaka kiganja kinapimwa urefu. Hakuna anayemenya chochote. Na bado Tom Brady mwaka 2000 akachaguliwa wa 199! Kasota benchi, 2001 Bledsoe aliyekuwa anaanza namba yake akaumizwa, jamaa kaingia, kamaliza na mataji 7. JaMarcus Russell 2007 chaguo la kwanza kabisa, 2010 katemwa. Bledsoe asingeumia, Brady leo labda anauza bima.

Mleta uzi: UMEONA? Nafasi! Dogo angepewa hata robo saa.

Babu wa Keko: Brady alikuwa na kipaji kwanza, ndiyo maana alipoingia hakutoka. Na drafti njoo tucheze hapa kijiweni, nikulie kete zote.

Mama Beki: Elfu kumi mnalia? Sisi upande wa kule tumetoa ishirini, mtoto kaambiwa ni mzee. Ana miaka kumi na minne, ndevu karithi kwa babu yake!

Njumu Mbovu: Ndevu za urithi 😂😂 mama leta cheti cha kuzaliwa.

Mama Beki: Cheti kipo! Na cha babu pia kipo!

Jangwani Damu: Hata akipita ataishia timu B. Namba zote wanapewa wageni.

Msimbazi Kwanza: Umesahau Mayele, Mkongo aliyewafikisha Yanga yenu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023? Fainali mliyofungwa.

Jangwani Damu: Tulifungwa wapi? Jumla mbili kwa mbili, goli la ugenini tu. Algiers tulishinda.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye chungwa.

Msimbazi Kwanza: Kombe liko wapi?

Jangwani Damu: La kwenu Simba la 2025 liko wapi? Berkane ya Morocco walilibeba mkiangalia.

Msimbazi Kwanza: Mechi ya nyumbani tulihamishiwa Zanzibar, hiyo usihesabu.

Mbeba Maji: Zanzibar ndiyo ugenini sasa?

Mzenji Halisi: Ebu rudia hiyo kauli taratibu.

Mleta uzi: Chungwa jamani…

Njumu Mbovu: Mleta uzi, zile njumu za dogo namba ngapi? Kama hazitumii tena, mimi navaa 42.