Naomba ushauri: funza badala ya dagaa kwa kuku wa mayai

Wakuu, shikamooni. Nipo Tanga, Sahare, nina kuku 120 wa mayai na chakula nachanganya mwenyewe. Dagaa wamenishinda: bei juu, na gunia la mwisho lilikuwa nusu mchanga. Sasa nafuga funza wa nzi chuma (black soldier fly) kwa mabaki ya matunda ya soko la Mgandini. Wanakua vizuri (harufu, majirani wanavumilia). Tatizo ni kusaga. Nawaanika siku mbili juani, bado wana mafuta, wanageuka uji mzito na kuziba chekeche la mashine. Mnawakamua kwanza au mnawakaanga? Na kwa kuwa funza hawa wana kalsiamu nyingi, chokaa nipunguze? Naogopa kuondoa dagaa wote kwa mkupuo.