Bata mzinga wa porini Kentucky: asubuhi yenyewe inakwendaje?

Mgeni_Lexington: Wakuu, kozi ya uwindaji nimemaliza, leseni na kibali ninavyo. Aliyewahi kumpata anieleze.

Mzee_wa_Msituni: Karibu mdogo wangu. Mimi wangu nimempata Jumamosi! Niliingia porini gizani, nikaegemea mwaloni mpana kuliko mabega yangu. Mgongo lazima ulindwe, wawindaji wengine wapo. Jua halijachomoza, dume akabwata juu ya mti, kifua changu kikaanza kudunda. Nikaita kwa sauti ya jike, taratibu, kisha kimya. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanaita mno, na dume anasimama akisubiri jike amfuate yeye. Huyu alishuka, akapotea bondeni, mara huyo, mkia umetandazwa kama feni, mabawa yanaburuza majani makavu, kichwa chekundu, cheupe na buluu. Kwa sababu hiyo usivae kabisa rangi hizo, mwindaji mwingine asije akakudhania dume. Nikasubiri anyooshe shingo, bunduki ya marisau ikalia mara moja. Akalala palepale, Mungu mkubwa.

Dada_Louisville: Hongera kaka! Majike hawapigwi?

Mzee_wa_Msituni: Asante dada. Msimu huu wa Aprili sheria inaruhusu dume tu, au yeyote mwenye ndevu zinazoonekana kifuani, yaani manyoya marefu kama nywele, na majike wengi wana mayai. Mdogo wangu, ukipata, ripoti siku hiyohiyo kabla ya saa sita usiku. Mapaja ni magumu, yachemshe polepole na tangawizi.

Mgeni_Lexington: Shukrani sana mzee. Kesho naenda kutafuta mwaloni.