IST inatetemeka ikiwaka asubuhi, plagi mpya hazijasaidia (Tanga)

MamaVitumbua_Sahare:
Habari za jioni wadau. Nina IST ya cc 1300, injini ya 2NZ, nimekaa nayo muda mrefu bila maneno. Tangu masika yaanze, asubuhi nikipiga stata inazunguka weee, halafu ikiwaka inatetemeka gari zima, ndoo za vitumbua zinagongana huko kwenye buti. Inatoa moshi mweusi kidogo na harufu ya petroli. Nikiiacha kama dakika moja inatulia, nafika Pongwe vizuri kabisa. Mchana nikizima na kuwasha hapo hapo haina shida. Taa ya injini siku nyingine inawaka, siku nyingine haiwaki.

Fundi kabadilisha plagi zote nne, hola. Sasa anataka ninunue koili zote nne (zile zinazopeleka umeme kwenye plagi) na pampu ya mafuta. Kabla sijauza cherehani, nisaidieni.

BajajiKange:
Pole dada. Hiyo koili tu. Sahare hapo upepo wa bahari unakula soketi zote, chumvi haina adabu. Tafuta koili za mtumba, funga, maisha yaendelee. Sisi wengine Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini hilo tatizo lako naona limekuja na godoro.

Babu_Spana_Ngamiani:
Mwanangu, funga pochi kwanza. Kununua koili nne na pampu kwa mpigo si kupima, ni kubahatisha kwa pesa yako.

Kijana wa bajaji hajakosea kuhusu chumvi. Ila koili ikichoka haichagui asubuhi peke yake. Ungeisikia pia umebeba mzigo unapandisha Amani: ukikanyaga mafuta, gari inamisi (silinda inaruka bila kuwaka) na kukosa nguvu. Yako ikishatulia inakwenda. Maana yake kuna jambo linatokea usiku ikiwa imelala, na hapo mimi nashuku vitu viwili. Ama nozeli (kile kinachonyunyizia injini petroli) inavujisha petroli ndani ya silinda, ama maji ya rejeta yanapenya kwenye gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda).

La pili ndilo la kuogopa, kwa hiyo tulitoe kwanza. Asubuhi injini ikiwa baridi (ya moto usiiguse kabisa, itakuchoma uso), fungua mfuniko wa rejeta utazame. Maji yanapungua bila kuona yanapovujia? Moshi ni mweupe mzito? Wewe umesema mweusi na harufu ya petroli, ndiyo maana moyo wangu uko kwenye nozeli.

Sasa kazi yenyewe. Gari ilale, na asubuhi asipige mtu stata. Spana namba 10 inatoa koili, soketi ya plagi namba 16 inatoa plagi. Zipange mezani kwa mpangilio wake. Silinda namba moja ni ile ya upande wa mikanda. Plagi nzima huwa na rangi ya kijivu au kahawia. Ukiona moja nyeusi imelowa na inanuka petroli, nozeli ya silinda hiyo ina kesi. Ukiona moja nyeupe safi kama imeoshwa, hayo ni maji, uniambie haraka. Na hizo plagi mpya zisomeni namba: zikiishia na 11, nafasi yake ni milimita 1.1, ndiyo inayotakiwa hapo. Fundi asizigonge gonge kuzibana.

Halafu tafuta mwenye mashine ya kupima asome msimbo wa kosa kwenye kompyuta ya gari. P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. Hamisha koili ya silinda iliyotajwa, weka kwenye nyingine, futa msimbo, endesha siku moja mbili. Msimbo ukiifuata koili, koili ni mbovu. Ukibaki palepale, koili haina hatia.

MamaVitumbua_Sahare:
Shikamoo babu. Maji ya rejeta yapo palepale, hayajapungua hata tone. Plagi ya pili imelowa tii, nyeusi. Tatu zilizobaki kahawia. Mashine ilisoma P0302. Koili ya pili tukaihamishia ya nne, na leo imesoma tena P0302.

Babu_Spana_Ngamiani:
Marahaba mwanangu. Basi mwizi kakamatwa. Pampu mwachie fundi wako aibusu.

Nozeli zote zitolewe zipelekwe kwa wanaopima kwa mashine. Ziwekewe presha zikiwa zimefungwa, wewe simama utazame. Ya pili itadondosha. Waioshe, waipime tena. Ikiendelea kudondosha badilisha hiyo moja tu. Kabla ya kutoa reli (bomba linalogawia nozeli petroli), terminali ya betri ichomolewe, na asivute mtu sigara hapo. Ringi za mpira za nozeli ziwe mpya, usikubali zirudishwe za zamani. Petroli ikivujia juu ya injini ya moto, gari unaiaga.

BajajiKange:
Babu umeninyang'anya ufundi hadharani 😂

MamaVitumbua_Sahare:
Mrejesho: kuoshwa hakukusaidia, ilidondosha vile vile. Nimefungiwa nozeli ya mtumba iliyopimwa mbele ya macho yangu, ringi zote mpya. Asubuhi imegusa tu imewaka, imetulia tuli. Ila babu, nimechomoa kijiti cha oil kinanuka petroli, na oil imepanda juu ya alama. Inaweza kusubiri servisi?

Babu_Spana_Ngamiani:
Isisubiri. Petroli iliyokuwa inavuja imeteremkia kwenye oil, sasa oil ni nyepesi na vyuma havipati ulinzi. Mwaga leo, na filta ubadilishe. Weka 5W-30. Injini hiyo hata kwa filta mpya haifiki lita nne, kwa hiyo wasikumiminie galoni zima. Wajaze huku wanatazama kijiti.